Ukuta Umeshiba

Ninyi vijana mnaosoma vyuoni, kaeni chini mnisikilize. Sikusema mkae vizuri, nimesema mkae. Simu ziwekeni kando, maana nitakayoyasema yanazihusu. Mimi shule niliishia darasa la nne. Nasoma kwa kufuata mstari na kidole, naandika polepole, na mkiona herufi imepinda msinicheke. Hasira yangu haijapinda.

Nina binti ambaye ni mwalimu wa chuo kikuu. Anafundisha magonjwa ya mimea. Tangu alipoanza kazi hiyo, watu wa Kitangari waliacha kuniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, wakaniita Mama Mwalimu, nami nikaitika bila kujivunga. Jina hilo nililitolea jasho. Kabla bomba halijafika huku juu tulikuwa tunashuka bondeni kuchota maji, ndoo kichwani, yeye mgongoni, na kupanda kule si kama kushuka. Mtu akimtukana binti yangu ajue anatukana na kile kilima.

Mwaka ule alikuja wakati mikorosho ilipokuwa kwenye maua, watu wote wako mashambani wanapulizia salfa, ukipita njiani pua inawasha. Akateremka kwenye basi la kutoka Masasi. Akaniamkia, nikaitikia marahaba, macho yangu yako kwenye mizigo. Alikuja na mabegi makubwa, na kapu lenye sufuria. Nikamuuliza vipi, akasema amekuja kupumzika. Mtu anayekuja kupumzika haji na sufuria zake.

Alikaa hivyo, hali vizuri, hatoki. Akiitwa na watu anasema kichwa kinauma. Nikampeleka hospitali Mkomaindo, wakampima presha, wakasema haina neno, apunguze mawazo. Tukiwa kwenye benchi pale nje nikamwambia, sasa na wewe nipunguzie mawazo mimi. Una nini?

Akasema harudi chuoni. Atapanga chumba cha duka pale Masasi, karibu na stendi, auze vitenge.

Nilidhani amefukuzwa. Akasema hapana, hajafukuzwa, muhula ukifungua wanamtegemea darasani. Ila wanafunzi wamemsema, na mkubwa wa idara amemwita akamwambia ajirekebishe. Ndipo akanieleza hicho kitu kinachoitwa tathmini. Muhula ukiisha, kila mwanafunzi anampima mwalimu wake kwenye simu. Anaweka alama, kisha anaandika maneno anayotaka. Jina lake haliandikwi. Mwalimu anakuja kuyasoma baadaye, hajui ni nani, hajui alikuwa amekaa wapi.

Nikasema tukifika nyumbani nitayasikia mimi mwenyewe.

Nyumbani ninaye mjukuu, binti wa mwanangu wa kiume. Naye anasoma chuo, chuo kingine, na wakati huo alikuwa likizo. Tulikuwa barazani tunamenya mihogo. Nikamwambia ashike simu ya shangazi yake anisomee. Shangazi yake akasema basi someni, akageuza kichwa kama mtu anayechomwa sindano.

Mjukuu akasoma. Mmoja ameandika kwamba huyu mama anafundisha kama anakimbizwa na nyuki. Mwingine kasema amechoka kuliona gauni la bluu. Mwingine: aongee na sisi, asiongee na ukuta. Mwingine: angekuwa na mume asingekuwa na hasira. Mwingine kasema arudi Umakondeni akapalilie mikorosho, huko ndiko Kiingereza chake kinakoeleweka. Kwa lile la nyuki mjukuu alikuwa ameshaanza kutetemeka mabega, na alipofika kwenye mikorosho kicheko kikamtoka. Nikamrushia ganda la muhogo likampata shavuni.

“Bibi, si mimi niliyeandika,” akasema.

“Ila umecheka wewe.”

Nawaambieni vijana, siku ile ningepata nauli ningekwenda kwenye geti la chuo kile nikasimama. Ningemwambia aliyeandika habari za mume ajitokeze, nimweleze mume aliyekuwa naye alikwendaje na kwa nini. Ningemwambia wa Umakondeni kwamba zile korosho anazotafuna kwenye kipakti akiwa darasani zimetoka kwenye hiyo palizi anayoicheka. Nilisema haya yote kwa sauti, majirani wakasikia. Binti yangu akaniuliza kwa upole, nao upole wake ndio ulionikera zaidi, “Utamuuliza nani, mama? Hawana majina.”

Hapo ndipo hasira yangu ilipokaa, na mpaka leo imekaa hapohapo. Mimi ni somo wa unyago. Nimewafunda wasichana wa hapa, na baadhi yao sasa wana wajukuu. Kupimwa nakujua. Kwetu siku mwali anapotolewa nje, wanawake wanamwimbia somo wake. Mwali akitoka hajui kusalimia, akitoka mvivu wa macho, somo ndiye anayeimbiwa, hadharani, mchana. Lakini anayekuimbia anakuja mbele yako, anakushika mkono, na haachii mpaka amalize. Nawe unatakiwa ujibu palepale, kwa wimbo au kwa kutenda. Ukiondoka bila kujibu umewaachia aibu watu wako, na mama yako kama yuko uwanjani anajibu yeye. Ndivyo nilivyokuta, ndivyo tunavyofanya. Nimeimbiwa maneno machungu, nikarudi nyumbani sikula, lakini mkono ulionishika niliujua ulikuwa wa nani.

Habari ya mwalimu kukaa nyumbani ikafika bombani. Bomba letu maji yanatoka siku yanapotaka yenyewe, kwa hiyo foleni ya ndoo ni ndefu, na foleni ndefu lazima ilishwe maneno. Wakasema amefukuzwa. Wakasema amegombana na mkubwa wake. Jirani yangu, mwanamke wa Kimakua aliyeolewa hapa zamani, mtani wangu na somo mwenzangu, akaja kunipa habari hizo huku anacheka, maana mtani hana huruma. Akasema, “Mama Mwalimu, wanasema tuanze kukuita Mama Vitenge.”

Nikamwambia jina litabaki lilipo. Na ili kuwafunga midomo, nikaenda kwa wanawake wa kikundi chetu cha wakulima. Mwaka ule ubwiriunga ulikuwa mbaya, ule ugonjwa unaoyapaka maua ya mkorosho unga mweupe yakakauka yasizae. Watu walikuwa wanapulizia salfa ovyo, huyu asubuhi, yule jua la utosi, mwingine upepo ukivuma anaipulizia njia. Nikasema binti yangu ndiyo kazi yake hiyo, atakuja kuwafundisha. Binti yangu alikataa. Nikamwambia mimi nimeshasema. Akaenda.

Tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi, shule zikiwa zimefungwa. Wanawake tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Nilikaa mbele kabisa, nimevaa khanga mpya, nikingoja waone.

Wakaona, na mimi nikaona. Binti yangu alisalimia, akachukua chaki, akageuka. Akachora mkorosho, akachora ua, akachora kijidudu cha ugonjwa kikubwa kama boga, na kila alichokichora aliuelezea ubao. Mbio, mbio. Neno hili halijatua, lingine limeshalipanda mgongoni. Mara chache aligeuka, akatazama juu ya vichwa vyetu, kwenye paa, akarudi ubaoni. Mama mmoja aliinua mkono akachoka, akaushusha. Mimi niliyemzaa sikujua tupulizie wakati gani. Na lile jasho lililoanza kunitoka halikuwa la joto, kwa maana asubuhi zile kwetu ni baridi. Nilikuwa nimekasirika mpaka meno yananiuma. Nilikuwa nimewatukana wale watoto wa watu barazani kwangu, na mmoja wao alikuwa amesema kweli.

Alipomaliza akauliza kama kuna swali. Akakung'uta chaki mikononi. Ndipo mtani wangu aliponyanyuka kwenye dawati lile dogo, akajinyoosha kiuno, akaenda mpaka mbele. Akamshika binti yangu mkono. Nilijua kinachokuja. Akaimba, hana haraka:

“Mpishi kapika, kaugeuzia ukuta sahani,
ukuta umeshiba, wageni tuna njaa.”

Wanawake wakaitikia. Kwetu wimbo ukitoka hauachwi upweke. Wakapiga makofi wakalirudia lile neno, ukuta umeshiba, ukuta umeshiba, wengine wanacheka, hakuna ubaya wowote. Binti yangu alichezwa unyago hapahapa Kitangari, desturi anaijua kama anavyojua kunawa. Alitakiwa ajibu. Hata angesema nimesikia mama zangu, ingetosha. Lakini miaka ya chuo ilikuwa imemwingia. Alisikia wimbo, akadhani anasoma simu. Akauchomoa mkono, akachukua mkoba wake, akatoka.

Makofi yakafa. Wote wakanigeukia mimi.

Nikasimama. Sauti yangu haijawahi kuwa nzuri, na siku ile ilikuwa na kutu. Nikaimba nilichokipata:

“Wageni kaeni, chungu kingali jikoni,
mpishi kaenda kuchukua chumvi.”

Mtani wangu akanitazama. Akajibu kwa kusema tu, bila kuimba, “Basi tunaingoja chumvi.” Wanawake wakakubaliana tukutane tena wiki ijayo. Kwa hiyo nilikuwa nimetoa ahadi mbele ya watu, juu ya mtu ambaye hata sikujua amekwenda njia gani.

Nilimkuta nyumbani anapanga nguo kwenye begi. Alikuwa anataka kwenda Masasi siku ileile kuangalia chumba cha duka. Mjukuu alikuwa anamwomba angoje ale kwanza.

“Mama, hata nyumbani,” akasema. “Hata hapa kwetu wananicheka. Umenipeleka kuchekwa.”

Nikamwambia hakuchekwa, aliimbiwa. Akasema ni kitu kilekile. Hapo nikapaza sauti. Nikamwambia ni kitu kilekile kwa mtu aliyesahau alikotoka. Yule mama amesimama mbele yako, amekushika mkono, umemwona mpaka pengo la meno. Umeona amekasirika? Umeona anakuchukia? Amekuambia kuna chakula umekipika, na anakitaka. Anayekuchukia hasemi ana njaa ya chakula chako. Nikamwambia na mimi nina njaa, nimekaa mbele kabisa na sijui nipulizie lini mikorosho yangu. Kisha nikamweleza nilivyojibu.

“Umeniahidi bila kuniuliza.”

“Nilikuzaa pia bila kukuuliza.”

Mjukuu akataka kucheka, akanitazama, akaacha. Binti yangu akakaa juu ya begi. Akalia kidogo, nikamwacha, nikaenda kuangalia jiko. Sikumbembeleza. Wengine watasema ni roho mbaya. Waseme.

Masasi hakwenda siku ile. Kesho yake nilipotoka shambani nilimkuta barazani na mjukuu, simu katikati. Alikuwa anasomewa upya yale maneno yote, moja baada ya jingine, na safari hii kichwa hakukigeuza. Nikamuuliza kama ameanza kupenda matusi. Akasema anayachambua. La gauni na la mume ameyatoa, hayo si yake, ni ya walioyaandika. La Umakondeni vilevile. Lakini ukiyatoa hayo, yale mengine yanarudia jambo moja kwa midomo mbalimbali: nyuki, mbio, ukuta, mgongo, hatuoni uso wake, hatujui aulizwe saa ngapi.

Mimi nikasema ningekuwa mimi ningeyatupa yote. Mtu akichanganya unga na mchanga simchagulii unga wangu, namrudishia kapu lake.

Binti yangu akasema, “Nikiyatupa yote, mama, nitalitupa na la mtani wako.”

Nikaenda kunawa miguu.

Akaniambia basi, akiwa amenipa mgongo kama kawaida yake, halafu akakumbuka akageuka, kwamba zile nyuso zinamtisha. Tangu siku ya kwanza. Vijana mia wamekaa wanakutazama, wengine wananong'ona, wengine wameshaanza kuiga unavyotamka, na wewe ukigeukia ubao unapumua. Ubao hauigi mtu. Akaona akienda haraka atamaliza kabla hawajamcheka. Nikasikitika kusikia hivyo, na nikikasirika nasikitika vibaya. Nikamuuliza wale mama zangu kwenye madawati wangemwiga nini, nao wanatamka kama yeye.

Wiki iliyofuata hakukubali darasani. Aliwaita wanawake shambani kwa mtani wangu, kulekule ambako ugonjwa ulikuwa umeshika. Chaki hakuchukua. Akavunja vitawi vya maua, akampa kila mmoja mkononi mwake, akasema sugueni kwa kidole. Unga mweupe ukabaki vidoleni. Akasubiri. Niliona anavyojilazimisha kusubiri, mkono umeshika khanga kwa nguvu. Akamtazama kila mtu usoni, akauliza wewe unapulizia saa ngapi, na wewe, na wewe, wakaanza kubishana wao kwa wao, na yeye akiwa katikati. Ndipo akawaambia asubuhi na mapema, upepo haujaamka na majani yangali na umande, salfa ikae. Neno hilo alilisema mara moja tu, polepole, na sote tuliondoka nalo.

Mtani wangu akamshika mkono tena. Binti yangu akashtuka, lakini mkono hakuutoa.

“Leo chumvi imekolea,” mtani akasema. “Ila mwanangu, umetukausha koo. Mwalimu gani anaita watu asiwape hata maji?”

Wakacheka wote, na yeye akacheka, akajibu kwamba maji amwulize Mama Mwalimu, ndiye mwenye ndoo. Nikatumwa maji mbele ya watu kwa sababu ya mdomo wa mtani. Nilikwenda nanung'unika.

Muhula ulipofungua alirudi chuoni, na sufuria zake. Nilimsindikiza mpaka Masasi, nikamwacha stendi, nikapitia kununua vitenge viwili kwa hasira ya lile duka ambalo halikufunguliwa.

Sasa msidhani imekwisha vizuri, maana hadithi za kwisha vizuri ndizo zinazowaharibu. Alinipigia akasema safari hii hakungoja mwisho wa muhula. Katikati ya muhula alisimama mbele ya wanafunzi, mikono mitupu, akawaambia wenye neno juu ya ufundishaji wake waseme sasa, mbele yake, wakati bado anaweza kujibu kwa kutenda. Wakatazamana. Wengine walikuwa na woga, na siwalaumu wote. Mwalimu ana kalamu nyekundu, na wapo walimu wanaoitumia kama fimbo. Aliwaambia atakayesema hataguswa. Mwishowe binti mmoja wa nyuma akasimama akasema, mwalimu, bado unageuka, ila siku hizi unarudi. Binti yangu aliniambia maneno hayo kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi.

Na tathmini za mwisho zilipokuja, wengi walimpa alama nzuri kuliko mwanzo. Lakini lile gauni la bluu lilikuwepo tena, na wa mikorosho alikuwepo pia, labda yuleyule, labda mdogo wake. Binti yangu akasema ameshazoea. Mimi sikuzoea. Sitaki azoee. Vijana mnisikie vizuri: yule wa ukuta namshukuru, aliumiza kwa haki. Wa mikorosho nitamdai mpaka nafukiwa, kwa sababu alijificha kwenye giza alilopewa ili aseme kweli, akalitumia kutema mate.

Mjukuu wangu alikuja likizo fupi, korosho zimekwisha kuuzwa na mvua inanyesha. Jioni moja alikuwa barazani na simu, vidole vinaruka, anacheka peke yake. Nikamuuliza nini. Akasema anajaza tathmini za walimu wake, bila kujaza mtandao haumfungulii matokeo, kwa hiyo anaandika harakaharaka chochote amalize. Nikasema nisomee. Akasita. Nikasema soma. Akasoma kwamba mzee huyu alale nyumbani na wajukuu zake, darasani anapoteza oksijeni.

“Ni utani tu, Bibi. Kila mtu anaandika hivyo. Hata hajui ni mimi.”

Huyu ndiye aliyemwona shangazi yake amekaa juu ya begi analia. Huyu ndiye aliyesaidia kuyachambua yale maneno kwa mkono wake. Nilimtazama mpaka tabasamu likamtoka lenyewe. Nikamuuliza mzee huyo anafundishaje. Akafikiri. Akasema kwa kweli anajua sana, ila anaongea chini, wa nyuma hawasikii, na wanaona aibu kumwambia. Nikamwambia kumbe unalo neno la kumsaidia mtu, ukalificha, ukamtumia mate.

Nikawaita wote waliokuwa ndani, wakubwa kwa wadogo, watoke barazani wasikie. Nikasema: kuanzia leo, katika nyumba hii hakuna atakayempima mwalimu wake amejifungia chumbani. Utakuja hapa, utakaa mbele yangu, utanisomea neno kwa neno kabla hujalituma. Nitakushika mkono, na utaniona mimi kuwa ndiye mwalimu wako. Neno litakalokushinda kunitamkia machoni, lifute. Nawe anza sasa. Futa, vuta kigoda, nipe mkono.